Mkono Mmoja Haulei Mwana: Paul Wittgenstein na Suala la Umiliki wa Kazi ya Sanaa

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi umetuzoesha kumwona fanani kama nguzo ya utungo. Ngano haiwi ngano hadi itambwe, na wimbo hauwi wimbo hadi upate koo la kuuimba na sikio la kuupokea. Fasihi andishi nayo imetuzoesha kinyume chake, yaani mwandishi hukamilisha kazi yake, akaitia sahihi, na msomaji akapokea kitu kilichokwisha kuundwa. Baina ya pande hizi mbili kuna sanaa ambayo wahakiki wetu hawajaishughulikia vya kutosha, nayo ni muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Muziki huo huandikwa kwa nota mpaka alama ya mwisho kama inavyoandikwa riwaya, lakini hauwezi kuishi pasipo mtendaji, sawa na ngano. Ukiachwa juu ya karatasi huwa bubu.

Makala haya yanachunguza maisha ya mpiga piano mmoja, Paul Wittgenstein wa Austria (1887–1961), kwa sababu ndani ya maisha yake swali la mwenye kazi ya sanaa lilijitokeza kwa uwazi usio wa kawaida. Wittgenstein alipoteza mkono wa kulia vitani, akaendelea kupiga piano mbele ya hadhira kwa mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 40, na kwa fedha zake akawaagizia watunzi wakuu wa zama zake kazi mpya za mkono huo. Alikuwa mtendaji na pia mfadhili. Kutokana na nafasi hizo mbili alijiona kuwa mmiliki, na hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Hoja ya makala haya ni kwamba Wittgenstein anastahili sifa ya kuwa chanzo cha kazi hizo na pia lawama ya kuwa kaburi la baadhi yake, na kwamba mambo hayo mawili yalichipuka katika mzizi mmoja.

Nyumba ya mali na muziki

Paul Wittgenstein alizaliwa jijini Vienna tarehe 5 Novemba 1887. Baba yake, Karl Wittgenstein, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa chuma na chuma cha pua katika dola ya Austria na Hungaria. Mama yake, Leopoldine, alikuwa mpiga piano hodari ingawa hakupata kutumbuiza hadharani. Nyumba yao ilikuwa kituo cha wasanii. Johannes Brahms alikuwa akifika hapo, na vilevile Clara Schumann, Gustav Mahler na Richard Strauss. Josef Labor, mtunzi na mpiga ogani aliyekuwa kipofu, alihesabiwa kama mmoja wa jamaa.

Hata hivyo, mapenzi ya muziki katika nyumba hiyo yalikuwa na mpaka. Muziki ulikuwa pambo la maisha ya watu wa tabaka la juu. Kuufanya kuwa kazi lilikuwa jambo jingine, na Karl aliwataka wanawe washike viwanda. Historia ya nyumba hiyo ina majonzi mengi. Miongoni mwa ndugu wanne wa kiume wa Paul, watatu wanaaminiwa kuwa walijiua. Aliyesalia, mdogo wa mwisho, alikuwa Ludwig Wittgenstein, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanafalsafa mashuhuri zaidi wa karne ya 20.

Paul alifundishwa piano na Malwine Brée, kisha na Theodor Leschetizky, mwalimu aliyetafutwa na wanafunzi kutoka kila pembe ya Ulaya. Karl alifariki mwezi wa Januari 1913. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, Paul, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alipanda kwa mara ya kwanza jukwaa la Musikverein, ukumbi maarufu wa muziki wa Vienna, akapiga pamoja na okestra. Mpangilio wa tarehe hizi mbili unaeleza mengi. Mwana aliingia katika sanaa baada ya baba kutoka, na fedha za baba ndizo zilizomfungulia mlango.

Jeraha na kreti la mbao

Miezi minane baadaye vita vilizuka. Paul, aliyekuwa ofisa wa cheo cha chini katika kikosi cha wapanda farasi, alitumwa kupeleleza nafasi za Warusi karibu na mji wa Zamość, ambao leo umo nchini Poland. Huko, mwezi wa Agosti 1914, risasi ilimpata katika kiwiko cha mkono wa kulia. Madaktari wa hospitali ya kijeshi katika mji wa Krasnystaw waliukata mkono huo. Alipozinduka alijikuta amepoteza mambo mawili kwa pamoja, mkono na uhuru, kwa maana hospitali ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa jeshi la Urusi. Alisafirishwa akiwa mateka hadi Omsk, Siberia.

Simulizi ya maisha yake huko Omsk ndiyo sehemu inayosimuliwa zaidi, na wala si ajabu, kwani ina sura ya ngano. Kwa kukosa piano, mateka huyu alichora vibonye vya piano kwa mkaa juu ya kreti la mbao, akakaa mbele yake kwa saa nyingi kila siku, akizipiga kwa vidole vitano kazi alizozihifadhi kichwani. Sauti haikutoka isipokuwa ya vidole vikigonga ubao. Hatimaye, kwa msaada wa balozi mdogo wa Denmark mjini humo, alihamishiwa mahali penye piano ya kweli. Akiwa bado mateka alipeleka habari kwa Josef Labor kumwomba amwandikie kazi ya piano ya mkono wa kushoto pamoja na okestra. Labor, ambaye haoni, alikuwa amekwisha kuianza kabla ya ombi kumfikia.

Mhakiki apaswa kuwa mwangalifu hapa. Ni rahisi kulifanya kreti la Omsk kuwa ishara ya ushujaa tu, kisha kupita. Lakini ndani yake mna jambo jingine lenye uzito kwa mjadala huu. Kwenye kreti lile Wittgenstein alikuwa mtendaji, hadhira na hakimu wa kazi kwa wakati mmoja. Muziki uliishi ndani yake peke yake, bila sikio la mwingine, na uliyaokoa maisha yake. Yamkini mtu aliyeokolewa na sanaa ya namna hiyo asione ajabu baadaye kuamini kwamba sanaa yaweza kuwa mali ya mtu mmoja.

Alirejea Vienna mwishoni mwa mwaka 1915 kwa mpango wa kubadilishana mateka waliojeruhiwa. Mwezi wa Desemba 1916 alipanda tena jukwaani, akaipiga kazi ya Labor kwa mkono mmoja. Kisha, kwa hiari yake, alirudi jeshini.

Fani ya mkono wa kushoto

Wittgenstein hakuwa wa kwanza kupiga piano kwa mkono mmoja. Mwungaria Géza Zichy, aliyepoteza mkono wa kulia akiwa kijana, alipata sifa Ulaya nzima katika karne ya 19. Brahms aliwahi kuandika upya kwa mkono wa kushoto kazi ya fidla ya Johann Sebastian Bach. Alexander Scriabin aliandika vipande viwili vya mkono huo mwaka 1894, na Leopold Godowsky aligeuza mazoezi kadhaa ya Chopin kuwa ya mkono wa kushoto peke yake. Ila nyingi ya kazi hizo zilikuwa fupi, tena za piano pasipo okestra. Mtu aliyetaka kuishi kwa kutumbuiza katika kumbi kubwa asingeweza kushiba kwa hizo.

Si vibaya kueleza ugumu wenyewe. Piano ina vibonye 88, na kwa kawaida mkono wa kushoto hushughulikia sauti nzito ilhali wa kulia hubeba wimbo. Mkono mmoja unapaswa kufanya kazi zote mbili. Vidole huigusa sauti nzito, kisha mguu hukanyaga kanyagio ili sauti hiyo iendelee kusikika, na kabla haijafifia mkono umekwisha kuruka hadi katikati au upande wa kulia kuutafuta wimbo. Msikilizaji aliyefumba macho hudanganyika akadhani mikono ni miwili. Maumbile yenyewe yana msaada mmoja: katika mkono wa kushoto, kidole gumba, chenye nguvu kuliko vyote, ndicho kilicho upande wa sauti za juu. Gumba huimba, vidole vingine huitikia.

Kwa lugha ya wahakiki wetu, hii ni fani yenye masharti makali, na si tofauti sana na bahari za ushairi wetu. Mshairi wa utendi aliyefungwa na mizani minane na kina cha bahari hahesabu masharti hayo kuwa upungufu. Kipaji chake huonekana katika kuyafanya masharti yaonekane kama hayapo. Maurice Ravel aliielewa siri hiyo. Alipoandika konseto yake ya mkono wa kushoto, alieleza kwamba kusudi lake lilikuwa muziki usisikike kuwa mwembamba kuliko ule ulioandikiwa mikono miwili.

Wenye kutunga na mwenye kulipa

Baada ya vita, Wittgenstein alianza kuagiza kazi kwa watunzi wakubwa, na malipo yake yalikuwa manono. Katika miaka ambapo fedha za Austria na Ujerumani zilikuwa zikiporomoka thamani, yeye alilipa kwa dola za Kimarekani. Miongoni mwa walioandika katika awamu ya kwanza ni Erich Wolfgang Korngold, Franz Schmidt na Paul Hindemith, ambao kazi zao zilikamilika mwaka 1923. Richard Strauss aliandika mbili katika miaka iliyofuata. Kisha wakaja Ravel na Sergei Prokofiev, na mwaka 1940 Mwingereza Benjamin Britten.

Mapatano yalikuwa na sharti moja kuu: kwa muda uliokubaliwa, hakuna mpiga piano mwingine aliyeruhusiwa kuipiga kazi husika. Sharti hilo lilikuwa na mantiki yake. Mtu mwenye mkono mmoja alishindana na wenye mikono miwili ambao walikuwa na hazina ya karne mbili ya kuchagua. Yeye hazina yake ilimlazimu kuinunua. Iwapo kila mmoja angeweza kuipiga, fedha zake zingekuwa zimemlisha mshindani.

Ugumu ulianza pale kazi ilipofika na mnunuzi asiipende. Hindemith alipompelekea kazi yake mwaka 1923, alitambua kwamba huenda ingemshtua, akamsihi awe na subira nayo. Subira haikupatikana. Wittgenstein aliilipia, akaifungia, wala hakuipiga hata siku moja. Hindemith naye aliyatumia malipo hayo kukarabati mnara wa kale jijini Frankfurt uliokuwa makazi yake. Yaliyompata Prokofiev mwaka 1931 yalikuwa ya wazi zaidi. Wittgenstein alimshukuru kwa konseto, akamwarifu kuwa haelewi hata nota moja ndani yake na kwamba hataipiga. Ikabaki hivyo. Prokofiev alifariki mwaka 1953 pasipo kuisikia ikipigwa na okestra.

Mgogoro ulio maarufu zaidi ni ule wa Ravel. Konseto aliyoiandika baina ya mwaka 1929 na 1930 ni kazi ya takriban dakika 18, isiyo na vituo baina ya sehemu zake. Inaanza gizani, kwa ala zenye sauti nzito kabisa za okestra zikinguruma chini kwa chini, kisha piano inaingia peke yake kwa muda mrefu, bila okestra. Mwingilio huo haukumpendeza mwenye kuuagiza. Alilalamika kwamba lau angetaka kupiga peke yake asingeagiza kazi ya okestra. Ravel hakubadili kitu. Baada ya kujifunza kazi hiyo kwa miezi kadhaa, Wittgenstein alikiri kuwa ni kazi kubwa, akaipiga kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 5 Januari 1932, okestra ikiongozwa na Robert Heger.

Hata hivyo, alichokipiga hakikuwa hasa kile alichoandikiwa. Ravel alipofika Vienna na kumsikia katika hafla nyumbani kwake, aligundua kuwa mtendaji amebadili mistari, ameongeza mapambo, na kuipa piano nota ambazo zilikuwa za okestra. Mpiga piano Marguerite Long, aliyekuwapo, alisimulia namna mtunzi alivyomwendea mtendaji kwa hasira. Katika barua zilizofuata Wittgenstein alijitetea kwamba watendaji hawapaswi kuwa watumwa. Ravel anasemekana kumjibu kwamba watendaji ni watumwa. Mwezi wa Januari 1933 wawili hao walisimama pamoja mjini Paris, mmoja kwenye piano na mwingine akiongoza okestra, lakini urafiki ulikuwa umekwisha kupata ufa.

Nani mwenye haki? Jawabu la haraka humpa Ravel ushindi, na kwa nota hakika ushindi ni wake. Lakini mhakiki wa fasihi simulizi atasita kidogo. Katika jadi ya fasihi hiyo fanani si mtumwa wa yeyote. Hupunguza, huongeza, hubadili kulingana na hadhira na mahali, na hakuna anayemshtaki. Tena malalamiko ya Wittgenstein kuhusu okestra hayakuwa ya kiburi kitupu. Mkono mmoja unaposhindana na ala nyingi zinazovuma kwa pamoja, uwezekano wa kufunikwa ni mkubwa, na yeye ndiye aliyekaa penye kiti kile, si mtunzi. Alizozana kwa sababu hiyohiyo na Korngold, na Strauss, na hatimaye na Britten.

Tofauti ni kwamba fanani wa jadi hubadili utungo lakini hazuii mwingine kuutamba. Uhuru wake wa kubadili hulindwa na uhuru wa wenzake wa kubadili pia, na matoleo mengi husahihishana. Wittgenstein alidai uhuru wa fanani, kisha akautia ndani ya kufuli la mfanyabiashara. Alitaka kubadili kama mtambaji na kumiliki kama mnunuzi wa shamba. Haki hizo mbili hazikai pamoja. Katika tarabu ya pwani yetu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akamtuza mwimbaji kwa noti. Fedha hizo hulipa furaha ya usiku ule, wala mtuzaji haondoki na wimbo mfukoni.

Nyumba isiyokaliwa na mwingine

Mwezi wa Machi 1938 Austria ilimezwa na Ujerumani ya Wanazi. Wittgenstein na jamaa zake walikuwa Wakristo waliobatizwa, lakini watatu kati ya babu na nyanya zake walikuwa wa asili ya Kiyahudi, na kwa sheria za Wanazi hilo lilitosha. Alipoteza kazi ya ualimu aliyoishika tangu mwaka 1931, na kumbi zikafungwa mbele yake. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekimbia kupitia Uswisi hadi Marekani. Dada zake wawili waliosalia Vienna walinusurika baada ya sehemu kubwa ya dhahabu ya ukoo, iliyohifadhiwa ng'ambo, kukabidhiwa benki kuu ya Ujerumani. Mashauriano kuhusu mali hiyo yaliacha mpasuko baina yake na dada zake. Huko uhamishoni alifundisha na kuendelea kutumbuiza, na mwezi wa Januari 1942 aliipiga kazi ya Britten jijini Philadelphia.

Vita vya pili, kama vile vya kwanza, viliacha wapiga piano wenye mkono mmoja. Mmoja wao alikuwa Mjerumani Siegfried Rapp, aliyepoteza mkono wa kulia. Mwaka 1950 Rapp alimwomba Wittgenstein ruhusa ya kuzipiga baadhi ya kazi alizokuwa akizishikilia. Hapana mtu duniani ambaye angeweza kulielewa ombi hilo kuliko yeye. Alikataa. Alijibu kwa kutoa mfano wa nyumba: mtu hajengi nyumba ili akae mwingine. Wazo lilikuwa lake, fedha zilikuwa zake, na kazi zitakuwa zake madhali angali anaweza kupiga.

Jibu hilo ndilo kiini cha mkasa huu, na halifai kupitwa kwa lawama za haraka. Aliyelitoa alikuwa mzee wa miaka 62, aliyepokonywa mkono, nchi, sehemu ya ukoo na sehemu ya mali. Kazi hizo ndizo zilizosalia kuwa zake. Hata hivyo, mfano wenyewe unamhukumu. Nyumba asiyokaa mwenyewe wala asiyemruhusu mwingine kukaa huwa gofu, na konseto ya Prokofiev ilikuwa imekaa tupu kwa karibu miaka 20. Rapp aliipata kwa njia nyingine, kutoka upande wa jamaa za mtunzi, na tarehe 5 Septemba 1956 akaipiga kwa mara ya kwanza huko Berlin Magharibi. Mlemavu wa vita vya pili ndiye aliyekifufua kilichozikwa na mlemavu wa vita vya kwanza.

Ya Ravel ilikuwa imetoka mapema zaidi. Muda wa umiliki ulipokwisha, mwezi wa Machi 1937, mpiga piano Mfaransa Jacques Février aliipiga mjini Paris kwa ridhaa ya mtunzi, kama ilivyoandikwa. Ravel alifariki mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo konseto hiyo imekuwa mali ya wapiga piano wa dunia nzima, wenye mkono mmoja na wenye mikono miwili. Wittgenstein mwenyewe ameacha rekodi yake aliyoipiga jijini Amsterdam mwaka 1937, okestra ikiongozwa na Bruno Walter. Humo mabadiliko yake yanasikika, na wahakiki wengi wa baadaye wamemkosoa vikali kwayo. Ni kinaya kwamba ushahidi uliodumu zaidi wa upigaji wake ni ushahidi pia wa kosa analoshtakiwa nalo.

Mwaka 1957 alichapisha mafunzo ya mkono wa kushoto katika majuzuu matatu. Katika vitabu hivyo yule aliyemnyima Rapp nota aliwapa wanafunzi asiowajua mbinu za vidole na kanyagio alizozivumbua tangu kreti la Omsk. Haifai kumhukumu mtu kwa barua moja huku vitabu vitatu vikiachwa rafuni. Alifariki katika jimbo la New York tarehe 3 Machi 1961.

Kufuli na kinywa

Kazi ya Hindemith ilibaki gizani kwa muda mrefu kuliko zote. Watafiti walijua kuwa iliandikwa, lakini walidhani imepotea. Iligunduliwa mwaka 2002 katika hati alizokuwa akizitunza mjane wa Wittgenstein, baada ya mjane huyo kufariki. Tarehe 9 Desemba 2004 ilipigwa kwa mara ya kwanza jijini Berlin, okestra ikiongozwa na Simon Rattle. Mpiga piano alikuwa Leon Fleisher wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 vidole vya mkono wake wa kulia viligoma kwa maradhi, akaishi kwa miaka mingi akitegemea kazi zilezile ambazo Wittgenstein aliziagiza. Tangu kuandikwa hadi kusikiwa ilipita miaka 81.

Linganisho na historia ya fasihi yetu linafaa hapa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na mchapishaji wala mkataba. Tungo zake zilikaa katika vinywa vya watu. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuzinukuu, na ndipo zikatufikia. Bila shaka katika safari hiyo baadhi ya maneno yalibadilika, na wahakiki wamebaki na kazi ya kuchambua lipi ni la Muyaka na lipi ni la wasimulizi. Lakini wana cha kuchambua. Kinywa huharibu kidogo na kuhifadhi kingi. Kufuli huhifadhi kila herufi, na kwa miaka 81 haikumfaa mtu.

Onyo hili si la Vienna peke yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki zipo nyumba zenye masanduku ya miswada ya tendi kwa hati za Kiarabu, yanayolindwa na warithi kwa heshima na kwa hofu pia. Heshima hiyo haifai kudharauliwa, kwa sababu bila ya walinzi hao mengi yangekwisha kuliwa na mchwa. Ila mlinzi asiyemfungulia msomaji hufanya kazi ya mchwa kwa njia ya taratibu zaidi.

Hitimisho

Maisha ya Paul Wittgenstein yanakataa hukumu nyepesi. Bila ya jeraha lake, ukaidi wake na fedha zake, konseto ya Ravel isingeandikwa, wala za Prokofiev, Hindemith, Korngold na Britten. Rapp na Fleisher wangekaa mbele ya piano pasipo cha kupiga. Kwa maana hiyo yeye ni mzazi wa kazi hizo pamoja na watunzi wake. Kosa lake lilikuwa kudhani kuwa uzazi ni umiliki.

Ndugu yake Ludwig, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 baada ya kufa kwake, alitoa hoja kwamba hakuna lugha ya mtu mmoja, kwa kuwa maana ya neno huzaliwa katika matumizi ya wengi. Inasimuliwa kwamba Paul, alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani, alimlalamikia ndugu yake huyo kwamba hawezi kupiga akihisi shaka yake ikipenya chini ya mlango. Labda shaka hiyo ilikuwa na neno la kumwambia. Kwa mhakiki wa fasihi, kisa hiki kinathibitisha kwamba mtunzi, mtendaji, mfadhili na hadhira hawawezi kuwekwa katika safu ya bwana na watumwa. Kila mmoja hushika upande wake wa kazi, na mmoja akivuta wote kwake, kazi hulala.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wittgenstein alionyesha, mbele ya kumbi zilizojaa watu, kwamba mkono mmoja unaweza kupiga piano. Kulea kazi hizo kulihitaji mikono ya Février, ya Rapp na ya Fleisher.